Mwanangu, nani atakukatalia?

Marahaba mama, za huko. Meseji yako ya juzi usiku nimeisoma mara tatu, nikaona hii haijibiwi kwa simu, ngoja nikae niandike.

Unasema wazee wa chama wamekufuata, wanataka uchukue fomu ya udiwani, na kigazeti chako cha wilaya ndo kwanza kimeanza kununuliwa, sasa unaniuliza: mama, mtu anaweza kuwa mhariri na mwanasiasa kwa wakati mmoja, au lazima kimoja kiachwe?

Anaweza. Ila ntakwambia habari za mtu mmoja ambaye nimesoma mambo yake miaka mingi, nampenda na nimemkasirikia pia. Bal Gangadhar Tilak, wa Pune kule India, yule waliyemwita Lokmanya, yani aliyekubaliwa na watu. Kazaliwa 1856, kasoma hesabu na sheria, angeweza kabisa kula mshahara wa serikali ya Mwingereza akanyamaza. Yeye na wenzake wakafungua shule 1880, na mwaka uliofuata wakaanzisha magazeti mawili kwa mpigo: Mahratta la Kiingereza ili wakubwa walisome, na Kesari, maana yake simba, la Kimarathi, lugha ya watu wa pale pale. Mhariri wa kwanza wa Kesari hakuwa yeye mama, alikuwa rafiki yake Gopal Ganesh Agarkar. Hilo jina lishike, ntalirudia.

Hata hawajazoea wino wakaingia jela wote wawili, 1882. Waliandika kwamba mfalme kijana wa Kolhapur anateswa na waziri wake, wakategemea barua walizoletewa, kumbe barua za kughushi. Waziri akawashtaki, wakaomba radhi, haikusaidia, wakahukumiwa miezi minne, wakakaa siku 101 ndani. Nakwambia hii kwasababu we una haraka. Karatasi mtu anayokuletea wakati wa kampeni iangalie mara saba, uliza nani kaiandika na kwanini inakujia wewe na inakujia leo.

Sasa hapa ndo penyewe. Tilak na Agarkar walikuwa marafiki tangu chuoni, walikuwa wanakesha wakibishana watafanyaje kuitoa nchi kwenye ujinga. Agarkar alisema tuanze na sisi wenyewe, tuache kuoza watoto, tuache kuwatesa wajane. Tilak alisema Mwingereza aondoke kwanza, mila zetu tutazirekebisha wenyewe, asije mgeni kututungia sheria za ndani ya nyumba. Wakashindwana. Agarkar akaondoka Kesari, 1888 akaanzisha gazeti lake, Sudharak, yani mrekebishaji. Na Tilak akabaki bila mtu wa kumwambia hapana kwenye meza yake mwenyewe.

Muda si mrefu ukaja muswada wa 1891, wa kupandisha umri wa mtoto wa kike kuingiliwa, hata na mume wake wa ndoa, kutoka miaka 10 hadi 12. Kumi mama! Kuna mtoto huko Bengal alikuwa ameshakufa mikononi mwa mumewe. Na Tilak akaupinga kwa nguvu zake zote, na kalamu anayo, na gazeti ni lake. Mi nikifika hapo huwa nafunga kitabu natoka nje kidogo. Alikuwa na hoja yake ya uhuru naielewa, lakini mtoto wa miaka kumi hawezi kusubiri uhuru wa nchi. Sijui Agarkar angekuwa bado yuko chumba kile mambo yangekwendaje, ila angalau pangekuwa na mtu wa kugonga meza.

Unakumbuka nilivyokuwa nasoma prufu gazetini, narudi usiku vidole vina wino mwekundu? Kuna mwaka bosi wetu mmoja alikuwa anagombea. Usiku huo nina ukurasa wa tatu mbele yangu, stori ya mtaro wa sokoni uliojengwa nusu na hela imeisha, nimeshaisahihisha mpaka mwisho, akaja mwenyewe akauchukua mkononi bila kusema neno, akarudi na tangazo la mkutano wake limewekwa pale pale, saizi ile ile, na mimi nikasahihisha tangazo. Nikaweka koma zake vizuri. Hakuna aliyesema kitu, nami sikusema. Mvua za mwaka ule maji yaliingia vibandani kwa wale wamama wa dagaa, na mpaka leo nikipita pale naangalia chini.

Sitaki udhani namponda Tilak, ujasiri wake hauna mfano. 1895 akaingia baraza la kutunga sheria la Bombay, Mumbai ya leo, na gazeti linaendelea. Ilipoingia tauni Pune, serikali ikatuma askari kupekua watu majumbani, wakubwa wengi wakakimbia mji, yeye akabaki akasaidia kufungua hospitali, na akaandika kwa ukali alichokiona. 1897 ofisa wa tauni, Rand, akauawa, Tilak akashtakiwa kwa uchochezi kwa maneno ya kwenye Kesari, miezi 18. Aliyemsimamia mpaka akapata dhamana alikuwa wakili Dinshaw Davar.

Sasa sikiliza. 1908 vijana wa Bengal walirusha bomu kumlenga hakimu, wakaua wanawake wawili wa Kizungu ambao hawakuhusika. Tilak akaandika kwamba bomu ni baya lakini chanzo chake ni ukandamizaji wa serikali. Akakamatwa tena. Jinnah, yule aliyekuja kuwa baba wa Pakistan, ndo alimwombea dhamana, ikakataliwa, na jaji aliyeikataa na kuendesha kesi ni Davar yule yule, sasa amevaa joho! Tilak akajitetea mwenyewe, zaidi ya masaa 20 ukijumlisha siku zote alizosimama. Baraza la juri watu 9: Wazungu 7 wakasema ana hatia, Wahindi 2 wakasema hana. Miaka sita, apelekwe mbali. Akajibu kwamba hata juri ikisema hivyo yeye hana hatia, na huenda Mungu ameona jambo analolipigania litafaidika zaidi yeye akiteseka kuliko akiwa huru. Hiyo ni tarehe 22 Julai, usiku, na kesho yake anatimiza miaka 52. Wafanyakazi wa viwanda vya pamba vya Mumbai wakagoma siku sita, siku moja kwa kila mwaka wa kifungo chake. Watu wa viwandani hao, siku bila mshahara.

Akapelekwa Mandalay, Burma. Humo kaandika kitabu kikubwa cha kuifafanua Gita, maandiko matakatifu ya Wahindu, kwa penseli. Mkewe akafariki 1912, yeye yuko huko huko. Katoka 1914, kaanzisha chama cha kudai nchi ijitawale, kafariki 1 Agosti 1920, siku ile ile Gandhi anaanza kampeni yake ya kutoshirikiana na serikali.

Huku kwetu pia Mwalimu 1958 alishtakiwa kwa alichoandika kwenye Sauti ya TANU kuhusu mabwana shauri, akatozwa faini ya shilingi 3,000 au akae jela miezi sita, akalipa. Kwahiyo wewe si wa kwanza, gazeti na siasa vimelala chumba kimoja siku nyingi.

Mi kinachonitia wasiwasi sio kwamba watakufunga, Mungu apishie mbali. Nawaza siku mtaro wa kata yako utakapokuwa mbovu na diwani ni wewe.

Yule kijana wako anayepanga kurasa, si uliniambia aligoma kuweka ile picha ya maiti ya ajali, ukamnunia siku mbili? Huyo usimwache aondoke. Ukichukua fomu, mkabidhi habari zote za halmashauri na za uchaguzi, umwandikie kabisa kwenye karatasi, na sahihi yako chini, kwamba stori akishaipitisha hata wewe huwezi kuitoa. Alafu nipigie picha hiyo karatasi unitumie nisome, koma na nukta ntaziangalia mwenyewe.

Baba yako anakusalimia, anauliza unakuja lini.

Mama