Jibu: Malipo ya ACH yamerudi na msimbo R03, pesa zipo, kosa ni nini?

Habari, ndugu. Nimekuelewa hivi: unatoza wapangaji wako huko Marekani kwa ACH (mfumo wa huko wa kuhamisha pesa kati ya akaunti za benki), mmoja malipo yake yamerudi na R03, naye anaapa pesa anazo. Huenda anasema kweli. R03 haihusu salio. Maana yake benki yake haikuiona akaunti uliyoandika, au namba na jina havikulingana. Pesa zikipungua inakuja R01, akaunti ikifungwa R02.

Usibonyeze kutuma tena! Mimi nilibonyeza, ikarudi vilevile na ada nikakatwa mara ya pili. R01 unaruhusiwa kuijaribu tena, mara mbili tu ndani ya siku 180. R03 inataka taarifa zirekebishwe kwanza.

Anza na namba ya akaunti. Mteja wangu alikuwa amenipa namba ya mbele ya kadi yake, zile tarakimu 16, nami nikaziingiza bila kufikiri. Halafu tazama namba ya utambulisho wa benki yenye tarakimu 9 (routing number), kwa sababu benki nyingine zina moja ya ACH na nyingine ya wire, yaani kutuma pesa moja kwa moja benki hadi benki. Mwombe picha ya hundi iliyobatilishwa (iliyoandikwa VOID), si namba za kutajiwa kwa simu.

Zikilingana zote, mwambie aulize benki yake ilikataa nini hasa. Benki yako wewe itakusomea msimbo uleule tu. Kodi ya nyumba ya mwezi huu pokea kwa hundi.