Bakteria amempelekea ng'ombe nini?

SWALI: Nasomea udaktari wa mifugo. Nimeandika hivi: "Bakteria Campylobacter fetus hubadilisha protini za ganda lake, hali inayopelekea ng'ombe kutupa mimba." Mwenzangu anashikilia iwe "hubadili". Nani yuko sahihi?

JIBU: Nyote wawili. Badili tumelipata kwa Waarabu, pamoja na ndugu yake badala. Bakteria huyu huondoa protini moja akaweka nyingine, kwa hiyo ningechagua hubadilisha. Hilo limekwisha.

Kinachonikera ni hiyo "inayopelekea". Nimempelekea mama unga: hapo pana mzigo na pana mpokeaji. Kwenye sentensi yako, nani kampelekea ng'ombe nini? Neno hili limejaa kwenye taarifa za habari na tasnifu, na sarufi mbovu si dhambi yake kubwa. Kubwa ni kwamba linamruhusu mwandishi aruke maelezo.

Tazama uliyoyaruka. Bakteria huyu ana jeni kadhaa za protini ya ganda, lakini kianzishi cha kuziamsha ni kimoja tu, basi hufanya kazi jeni moja kwa wakati. Protini yake hutoka nje ya seli na kujipanga yenyewe safu kwa safu, kama vigae. Mwili wa ng'ombe unapotengeneza kingamwili za kuitambua, wapo bakteria wachache ambao kipande cha DNA chenye kianzishi kimepinduka na kuamsha jeni nyingine. Protini yao mpya hushika seli kwa upande uleule wa zamani, ila upande unaotazama nje ni mwingine. Kingamwili haziwatambui vizuri, nao ndio wanaoongezeka. Maambukizi hudumu kwenye njia ya uzazi. Yakifika kwenye kondo, kondo huvimba na mimba hutoka.

Ganda, basi, halitoi mimba. Humpa bakteria muda. Andika: "...hubadilisha protini za ganda lake, akakwepa kingamwili na kudumu katika njia ya uzazi; maambukizi yakifika kwenye kondo, husababisha ng'ombe kutupa mimba."

Ni ndefu kuliko yako, na kila neno lina kazi. Najua wapo watakaosema pelekea limeshazoeleka, na kweli wanaoliandika ni wengi kuliko sisi tunaolikataa. Redioni nimeanza kulivumilia. Kwenye tasnifu ya tiba nitalikata kila nikilikuta.