Foronya za mito ya viti vya barazani
Dada, umeuliza kama kitambaa cha pamba cha mapazia kitafaa kushonea foronya mpya za mito ya viti vya nje. Kwa baraza linalopigwa jua na mvua, hapana. Kitapauka na kuoza mapema. Tafuta turubai laini la poliesta, na uzi uwe wa poliesta pia, maana wa pamba huachia mshono hata kitambaa kikiwa bado kizima. Kwa sponji ya sentimita 50 kwa 50, kata kitambaa 53 kwa 53, ili ibaki nafasi ya mshono. Kitambaa cha ubavu, sponji ikiwa na unene wa 10, kikate upana wa 13. Zipu iwe ya plastiki, nyuma, karibu upana wote, la sivyo utahangaika kuingiza sponji. Sindano ya cherehani iwe namba 16. Na tafadhali, anika sponji ikauke kabisa kabla hujaivisha.