Kamba iliyofaulu asubuhi yaweza kukatika jioni

SWALI: Mimi ni fundi wa winchi, nasomea ukaguzi wa vifaa vya kunyanyulia mizigo. Nimesoma kwamba katika karne ya 19 baadhi ya migodi ya makaa ya mawe Uingereza ilikuwa na vizimba (vyumba vya kupandishia na kushushia watu na mizigo shimoni) vyenye meno ya kudaka kizimba kamba ikikatika. Waliyajaribu vipi? Na je, kuning'iniza mzigo mzito kuliko wa kawaida, kama tufanyavyo sisi, hakukutosha?

JIBU: Ndugu fundi, nianze na meno. Mvumbuzi Fourdrinier alisajili hataza (haki ya uvumbuzi) ya kifaa cha namna hiyo mwaka 1847. Kamba ikiwa imekazwa, inayavuta meno yakae mbali na nguzo za mbao zinazoongoza kizimba. Ikilegea, springi inayasukuma yaung'ate mbao. Jaribio lake lilikuwa rahisi kuliona kwa macho: kizimba kinasimamishwa, kamba inaachiwa ghafla, watu wanatazama kama kitadakwa.

Tatizo ni kwamba jaribio hilo halifanani na ajali yenyewe. Shimoni kamba hukatika kizimba kikiwa mbioni, na kipande cha kamba kilichobaki juu yake kinakiangukia. Meno yaliyokaa miezi mingi bila kazi, kwenye maji na vumbi la makaa, yanashika kutu. Tena mtikiso wa kawaida tu ungeweza kuyafyatua kizimba kikiwa katikati ya safari, watu wakiwa ndani. Migodi ilipoanza kutumia nyaya zilizokazwa badala ya nguzo za mbao, meno yakakosa cha kung'ata. Ndiyo maana wahandisi wengi wa Uingereza hawakuyaamini, na kwa maoni yangu walikuwa na haki.

Swali lako la pili ndilo lenye uzito. Mzigo wa majaribio unakuambia kifaa kinabeba nini leo. Hausemi lolote kuhusu safari ya elfu ishirini. Aliyelitambua hilo mapema ni Wilhelm Albert, ofisa wa migodi ya Harz, Ujerumani (yake ilikuwa migodi ya madini ya fedha, lakini tatizo ni lilelile). Minyororo yake ilikuwa ikikatika ikibeba mizigo iliyo ndani kabisa ya uwezo wake. Kuanzia 1829 akatengeneza mtambo wa kuupakia mnyororo na kuupakua, tena na tena, mpaka ufe. Ndivyo uchovu wa chuma (kudhoofika kwake kwa kubebeshwa mzigo mara nyingi) ulivyopimwa kwa mara ya kwanza tunayoijua.

Jibu lake lilikuja 1834 huko Clausthal: kamba ya waya, nyuzi tatu, kila uzi waya nne zenye unene wa milimita 3.5, zimesokotwa kwa mkono. Tazama faida yake. Pete moja ya mnyororo ikipasuka, mnyororo wote umekwenda. Waya moja ya kamba ikikatika, nyingine zinabeba, na ncha inachomoza nje ukaione. Kamba inakuonya, mradi kuna mtu anayeitazama.

Sheria ya Uingereza ya 1872 iliweka mtu huyo: mwenye ujuzi, akague kamba, minyororo na mtambo angalau mara moja kila saa 24. Mnyororo wa pete moja moja ukazuiwa kubebea watu, isipokuwa kipande kifupi cha kuungia kizimba. Mimi naiheshimu kanuni hiyo ya saa 24 kuliko kifaa chochote cha zama zile. Niliwahi kupima kamba mgodini kwa mzigo wa asilimia 125 ya ule iliyoruhusiwa kubeba, ikasimama bila wasiwasi. Siku chache baadaye tuliipitisha taratibu huku nikiwa nimeizungushia kitambaa, kikanaswa karibu na kiungo cha kizimba: waya tatu, ncha zimechomoza. Tulipokifungua kile kiungo, ndani palikuwa pekundu kwa kutu. Mzigo haukuliona hilo.

Kuna hatari moja ambayo hata kamba mpya haiizuii: opereta kupitiliza, kizimba kikapanda hadi kwenye roda za juu (magurudumu yanayopitisha kamba). Sheria ya 1842 ilishakataza mtu chini ya miaka 15 kuendesha mtambo wa kupandisha kizimba, na ya 1855 ikadai breki na kioneshi cha mahali kizimba kilipo. Mwaka 1868 Edward Ormerod wa Atherton, Lancashire, akaleta ndoano ya kujitenga. Kizimba kikipitiliza, ndoano inaingia kwenye tundu la bamba la chuma. Tundu linabana mbawa za chini, kamba inaachiwa, mbawa za juu zinatanuka na kukaa juu ya bamba. Kizimba kinabaki kinaning'inia. Tofauti na meno, hii unaweza kuijaribu katika hali inayokaribiana sana na ajali yenyewe: unakivuta kizimba kitupu hadi ndani ya bamba na kuona kama kimekaa.

Kwa winchi yako, ushauri wangu ni huu: fanya jaribio la mzigo kama kanuni zinavyotaka, kisha shika kitambaa, na uanzie pale kamba inapoungana na mzigo.