Mume kaleta jakuzi, mimi nazima breka kwa siri

*Shangazi, shikamoo. Mume wangu alinunua jakuzi ya mkono wa pili kwa mzungu aliyekuwa anahama nchini, akaiweka roshani ya juu hapa kwetu Mbezi Beach. Anasema inamsaidia mgongo. Kifuniko chake kilipotea kwenye kuhamisha, kwa hiyo tunatupia turubai. Inakaa nyuzi 40 usiku na mchana, na yeye anaingia Ijumaa na Jumapili tu. Zamani LUKU ya elfu 20 ilitutosha siku kumi. Sasa siku ya tatu mita inalia, na anayenunua ni mimi, kwa hela ya sokoni. Nikimwambia azime, anajibu kwamba fundi alimwambia kuzima na kuwasha ndiko kunakokula umeme. Basi nikaanza kuzima breka akishalala. Maji yakaanza kuteleza na kunuka, akaita fundi mara mbili, kila mara elfu 30, na fundi haoni tatizo. Halafu kila siku naongeza ndoo nzima maana maji yanapungua. Naogopa kumwambia ukweli. Nifanyeje?*

*Mama watoto, Mbezi Beach*

Marahaba, mwanangu. Barua yako nimeisoma mara mbili. Mara ya kwanza nilicheka, unisamehe, kwa ajili ya huyo fundi anayelipwa kutafuta ugonjwa uliolala kitanda kimoja na mwenye nyumba.

Mara ya pili nikakwama kwenye ndoo. Umeitupia mwishoni kama jambo dogo, kumbe jibu lote limo humo. Kama chini ya beseni ni pakavu na hakuna bomba linalovuja, hayo maji yanapaa kuwa mvuke. Na maji hayapai bure: kila lita inayopaa inaondoka na joto la kama thuluthi mbili za uniti. Ndoo ya lita 20, basi, ni uniti 13 hivi. Sasa rudi kwenye LUKU yako. Elfu 20 inakupa uniti 56 au karibu na hapo. Zikitosha siku kumi, mlikuwa mnatumia tano na ushee kwa siku. Zikiisha siku tatu, mnatumia karibu 19. Tofauti ni 13. Toa kidogo kwa ajili ya watoto wanaorusha maji, lakini umeona mwenyewe umeme unakoenda. Unapaa juu ya turubai na upepo wa bahari unaupokea. (Ukitaka kupima tena, usianze na manunuzi ya kwanza ya mwezi. Pale kodi ya jengo inakatwa, uniti zinapungua, utamwonea mume wa watu.)

Kwa hiyo cha kwanza ni kifuniko, na turubai si kifuniko. Linazuia majani ya mwembe, basi. Unataka kitu kinene kinachokaa juu ya maji na kubana ukingoni pasibaki upenyo hata wa kidole. Kama cha dukani ni ghali, tafuteni yale mabamba meupe mepesi yanayokuja na friji mpya, yaleyale ya maboksi ya samaki pale Feri. Fundi ayakate kwa umbo la beseni, ayafunge ndani ya nailoni ngumu, kisha turubai lije juu yake. Usikubali akuwekee sponji la godoro. Litakunywa maji, na kifuniko kilicholewa maji kinapitisha joto kama hakipo. Upande unakotoka upepo wekeni ukuta wa makuti.

Halafu hilo neno la fundi kwamba kuzima na kuwasha kunakula zaidi. Si kweli, na nalisikia mpaka kwa wenye hita za bafuni. Kitu cha moto kinapoteza joto muda wote kikiwa cha moto. Kikipoa, hakina cha kupoteza. Chukulia beseni lenu lina lita 1,200. Kuyatoa maji nyuzi 29, ambazo Dar es Salaam yanazipata yenyewe kwenye tanki jeusi, hadi 37, kunahitaji uniti 11 na kidogo. Mara mbili kwa wiki ni 22 au 23, kama shilingi elfu nane. Leo mnachoma 13 kila siku, uniti 91 kwa wiki, zaidi ya elfu 32, ili maji yamsubiri mtu anayekuja Ijumaa. Pampu nayo ina chake, ila si cha kushindana na hizo.

Nimeandika 37 makusudi. Nyuzi 40 ndio mwisho wa jakuzi, na kwa mtu mwenye presha hapo daktari ana neno lake. Isitoshe, nani anayehitaji 40 katika jiji ambalo mwezi wa kwanza tunalala na feni mbili?

Ila wewe ulipokosea, mwanangu, ni breka. Ukizima breka unaua na pampu, na maji ya uvuguvugu yasiyozunguka na yasiyo na klorini ni chakula cha vijidudu. Ule utelezi ni wao. Zima hita peke yake, au shusha nyuzi kwenye kidude cha kurekebishia. Pampu iache izunguke saa chache kila siku, na chujio lioshwe. Siku ya kuingia, hita iwashwe mchana. Ikiwa ni ya kilowati tatu, saa nne zinatosha. Utasoma mahali kwamba upashe usiku wa manane umeme ukiwa rahisi. Hayo ni ya Ulaya. LUKU ya nyumbani haitazami saa, uniti ya saa nane usiku na ya saa nane mchana bei ni moja.

Sasa kumwambia. Usianze na LUKU, wala na hela ya sokoni. Mwite roshani Jumapili akishatoka majini na mgongo umelegea, weka ndoo mbele yake, mpigie hesabu ya uniti 13. Wanaume wengi huishindania hoja lakini hesabu huishika. Akishakubali, na uso bado umekunjuka, mwambie la breka hapohapo, kwa mdomo wako, pamoja na zile elfu 60. Akinuna siku mbili, mwache anune. Kuna watakaokushauri umwekee sabmita ya jakuzi, alipe uniti zake kama mpangaji. Mimi ningeiacha. Mwombe tu LUKU ya siku za jakuzi anunue yeye, na hela ya sokoni irudi sokoni.

Na yule fundi akipiga simu kuulizia hali, mwambieni mgonjwa kapona.