Kulala Mji wa Kale na mama mwenye maumivu ya magoti

Dada yangu, umeuliza kama hoteli ya bei ya wastani ndani ya Mji wa Kale wa Mombasa itamfaa mama yako, ambaye magoti yanamsumbua. Itamfaa, mradi upate chumba cha chini, na hilo ulihakikishe kwa simu kabla ya kulipa, kwa sababu nyumba nyingi za huko ni ghorofa za zamani zisizo na lifti, na ngazi zake ni nyembamba zenye mwinuko mkali. Uliza pia kuhusu tangi la maji na jenereta. Maji ya mfereji hukatika, na usiku wa Februari bila feni ni mateso kwa mtu mzima. Vichochoro vingi havipitiki kwa gari, hivyo teremkeni karibu na Fort Jesus, ngome ambayo Wareno walianza kuijenga mwaka 1593, na muiombe hoteli itume kijana awapokee mizigo. Adhana ya alfajiri mtaisikia kwa karibu, jambo ambalo mimi nalihesabu kuwa neema. Kifungua kinywa kikiwa ni mkate na chai tu, msikilipie: mahamri ya moto na mbaazi za nazi huuzwa mitaani asubuhi.