Rejeta Zinapogonga Usiku: Kwa Wenye Nyumba za Zamani Zinazopashwa kwa Mvuke

Wiki iliyopita msomaji mmoja aliyenunua nyumba Worcester yenye rejeta, yaani vile vyombo vya chuma vya kupashia vyumba joto kwa mvuke, aliniandikia hivi: "Shikamoo dada. Rejeta zetu zinagonga usiku kucha, chumba cha watoto hakipati joto, na fundi tuliyemwita anasema mvuke umepitwa na wakati, tung'oe mfumo wote. Bei aliyotupa imetukosesha usingizi kuliko zile kelele." Marahaba, mdogo wangu. Nimeamua kukujibu hapa hadharani kwa sababu najua hauko peke yako, na kwa sababu maneno hayo hayo niliambiwa nikiwa besimenti ya nyumba yetu hapa Lowell, na mpaka leo nikiyakumbuka yananichoma.

Wengi wetu tulioweka mizizi katika miji hii ya Massachusetts tunanunua nyumba za zamani, kwa kuwa ndizo zenye vyumba vya kutosha familia na wageni wasiokwisha, na ndizo mfuko unazoweza. Yetu ilijengwa mwaka 1924. Wakala wa nyumba alitusifia sakafu za mbao na madirisha mapana, ila kuhusu zile rejeta nzito za chuma hakutamka neno, na hakuna mzee wa kwetu ambaye angeweza kutufundisha habari zake, maana tulikotoka joto huletwa na jua.

Elewa kwanza jinsi kitu hiki kinavyofanya kazi, maana asiyeelewa ndiye anayeuziwa chochote. Mfumo wa bomba moja, ambao umeenea sana katika nyumba za kawaida za zama hizo, hauna pampu ya kusukuma mvuke. Boila huchemsha maji. Maji yakigeuka mvuke hupanuka takriban mara 1,700, na mvuke huo hukimbia wenyewe katika bomba kuu linalopita chini ya dari ya besimenti, kisha hupanda vyumbani. Lakini kabla haujafika, mabomba na rejeta vimejaa hewa, na hewa hiyo lazima ipate pa kutokea. Ndiyo kazi ya kile kikopo kidogo cha chuma kilicho ubavuni mwa rejeta, upande usio na bomba: huruhusu hewa itoke, na mvuke ukikifikia hujifunga. Mvuke ukishatoa joto lake hurudi kuwa maji, na maji hayo huteremka hadi kwenye bomba kuu kwa njia ile ile mvuke uliyopandia, yakitegemea mteremko peke yake. Hewa itoke, maji yarudi, mvuke uwe mkavu, yaani usibebe maji: sijaona tatizo la nyumba yetu ambalo halikutokana na moja ya mambo hayo.

Boila ya zamani ilipotoboka, tuliita kampuni moja yenye magari mengi barabarani. Mtu wao alishuka besimenti, akasoma kibao kilichobandikwa kwenye boila iliyokufa, akanakili namba, akatupa bei ya boila mpya yenye uwezo ule ule. Hakupanda ngazi kutazama hata rejeta moja. Nilipomuuliza atajuaje kama ukubwa huo unatufaa, alinijibu kuwa mambo ya boila ningemwachia mume wangu. Mume wangu alikuwa amelala juu baada ya zamu ya usiku hospitalini, na ni mimi niliyekuwa nimekesha nikisoma kitabu cha maelekezo cha mtengenezaji. Nililimeza neno lile kwa sababu nje kulikuwa na theluji na watoto walikuwa wamevaa makoti ndani ya nyumba.

Boila mpya ilipowashwa, maji katika kioo cha kupimia kimo yalirukaruka juu na chini bila kutulia, ya kahawia, yakiwa na utando wa mafuta. Mabomba yaliyounganishwa juu yake yalikuwa ya shaba, membamba kuliko yale ya chuma waliyoyakata na kuyatupa. Rejeta za sebuleni zilitema maji kwenye zulia, na chumba cha watoto ghorofani kilibaki baridi. Tulipolalamika, wakaja wakapandisha presha hadi pauni 8 kwa inchi ya mraba, na kelele zikazidi maradufu. Hatimaye tukaambiwa kuwa tatizo ni mvuke wenyewe na dawa yake ni kung'oa kila kitu. Waliounganisha vibaya ni wao, na wa kulipia tena tuwe sisi!

Sikiliza ni kwa nini presha haikusaidia. Mvuke wa pauni 1 una joto la nyuzi 102 hivi za Selsiasi, na wa pauni 8 una nyuzi 113. Tofauti hiyo haipashi chumba ambacho mvuke haujafika kwa sababu hewa imeuzibia njia. Tena, kila pauni 1 ya presha hulazimisha maji yanayorudi kusimama inchi 28 hivi juu zaidi katika bomba lao la kurudia kabla hayajaweza kuingia ndani ya boila, kwa hiyo ukizidisha presha maji hupanda mpaka kwenye mabomba ya mvuke yasikotakiwa, na mvuke uendao kasi huyabeba na kuyabamiza kwenye kona. Huko ndiko kugonga kwenyewe. Mifumo hii ya nyumbani ilipangwa kufanya kazi chini ya pauni 2, na yeyote anayekutibu kwa kuongeza presha, muoneshe mlango.

Fundi wa kweli nilimpata kupitia kanisani. Tunaabudu katika ukumbi wa kukodi ndani ya jengo la matofali la zamani, nalo hupashwa kwa mvuke. Jumapili moja ya Januari niliigusa rejeta iliyo karibu na mlango, nikaikuta ya moto kutoka mwanzo hadi mwisho, na kimya kabisa. Ibada ilipokwisha nilimfuata mtunza jengo, nikamuuliza ni nani anayeihudumia boila yao. Aliyekuja kwetu alikuwa mzee mmoja mwenye leseni, asiye na tangazo popote. Alisalimu, akaomba kuanza na vyumba. Alipima kila rejeta kwa futi kamba: kimo chake, idadi ya mapande yake, na kila pande lina nguzo ngapi, akiandika katika daftari lililojaa alama za vidole. Rejeta za kila umbo zina eneo lao la kutoa joto katika majedwali, na kila futi ya mraba ya rejeta ya mvuke huhesabiwa kutoa BTU 240 (BTU ni kipimo cha joto) kwa saa. Jumla hiyo ndiyo inayoamua ukubwa wa boila, kwani boila inapaswa kulingana na chuma kilichomo vyumbani. Wamiliki waliotutangulia waliwahi kuondoa rejeta kadhaa walipopanua jiko, hivyo namba ya kile kibao haikuwa na maana tena, na boila tuliyouziwa ilikuwa kubwa kupita kiasi.

Kisha alishuka chini, akafuata bomba kuu kwa kiganja mpaka mwisho wake, nyuma ya tangi la mafuta. Pale palipotakiwa kuwa na vali kubwa ya kutolea hewa palikuwa na kizibo cha chuma kilichopakwa rangi. Hewa yote ya bomba lile refu ilikuwa ikilazimika kupita katika vikopo vidogo vya rejeta, na kabla haijaisha, rejeta za sebuleni zilizo karibu zilikuwa zimekwisha kupasha joto chumba chenye themostati, kile kifaa kinachoamuru boila iwake au izimike, moto ukazimika, na watoto wetu huko ghorofani hawajapata kitu. Alipachika vali pale, tukawasha, na nikaweka mkono kwenye bomba nikihisi joto likisogea futi kwa futi hadi mwisho, ndipo mabomba ya kupandia yakaanza kupata moto karibu kwa pamoja.

Mengine nitayataja kwa kifupi. Aliyajenga upya mabomba ya juu ya boila kwa chuma cha kufunga kwa hesi, yakiwa inchi 24 juu ya kimo cha maji, kufuata mchoro wa mtengenezaji. Alibadilisha nozeli, yaani tundu la kunyunyizia mafuta kwenye moto, iwe ndogo, ndani ya kiwango kilichoruhusiwa. Aliengua mafuta ya kiwandani yaliyokuwa yakielea juu ya maji ya boila mpya, kwa kuyaacha maji yafurike polepole kupitia tundu la ubavuni kwa saa nyingi, mpaka kioo kikatulia. Presha ikashushwa hadi pauni 1.5. Majirani waliokuwa wakitushauri tung'oe sasa huja kutuuliza namba yake ya simu, na nasema hilo kwa fahari, kwa sababu tulistahimili dharau nyingi kabla ya kufika hapa.

Ndugu zangu, msikubali kuondoa kitu kizima kwa sababu aliye mbele yenu hakijui. Anayewaambia mgeuze rejeta hizo zitumie maji ya moto, mwambieni kuwa mfumo huo unahitaji bomba la kwenda na la kurudi, kwamba mapande ya rejeta nyingi za bomba moja hayakuungwa sehemu ya juu kuruhusu maji kuzunguka vizuri, na kwamba viungo vilivyozoea pauni 1 au 2 vitatakiwa kustahimili pauni 12 au zaidi. Mwenye kutaka mashine za kisasa za umeme na azinunue, mradi uamuzi utokane na hesabu zake mwenyewe.

Tumezoea kuuliza katika makundi yetu ya WhatsApp nani ana fundi wa kwetu. Kwa kabati za jiko au kupaka rangi, mpe mwenzetu kazi kwa moyo wote. Kwa mvuke, ulizia palipo na mvuke unaofanya kazi vizuri: kanisani, shuleni, kwenye jengo la zamani la ghorofa. Ulizia pia kwenye duka la jumla la vifaa vya mabomba ni nani anayenunua vali za hewa mara kwa mara. Ukimpata, mtazame kabla hujamsikiliza. Asiyepanda kuzipima rejeta hafai, hata awe mcheshi namna gani. Muulize mabomba ya juu ya boila atayajenga kwa nini, atarudi lini kuengua mafuta, ataweka presha kiasi gani, na mwisho wa bomba kuu atapachika vali gani ya hewa. Mwambie akuoneshe tanzi la Hartford, yaani ile namna ya kuunganisha bomba la kurudia ambayo kampuni ya bima ya boila ya Hartford ilianza kuihimiza mwaka 1919 ili bomba la chini likivuja boila isiishiwe maji. Ajuaye hufurahia maswali hayo, na asiyejua hukasirika.

Yapo unayoweza kuyafanya wewe mwenyewe, mdogo wangu, hata leo jioni. Koki ya rejeta ya bomba moja hufunguliwa yote au hufungwa yote. Ukiiacha nusu, maji hushindwa kutoka kwa kupingana na mvuke, na rejeta hugonga na kutema. Weka pimamaji juu ya rejeta: inatakiwa iinamie kidogo upande wa koki, na kama sivyo, tia kabari chini ya miguu ya upande wa pili. Kama boila yako ina boya la kuizima maji yakipungua, toa maji machafu ya boya hilo kila wiki wakati wa baridi, kwa kufuata maelekezo ya mtengenezaji. Ukikuta kioo hakina maji na boila ni ya moto, zima na uiache ipoe, usiiongezee maji baridi hata kidogo, kwa kuwa chuma kinaweza kupasuka. Na ukiona mabomba yamevikwa kitu cheupe mithili ya plasta, usikiguse wala usikifagie, huenda ni asbesto, madini ya nyuzi yenye vumbi la hatari kwa mapafu, na kuiondoa ni kazi ya wenye leseni yake.

Kuhusu karatasi za ile bei mliyopewa na fundi wenu, usitie saini. Nitumie picha za kioo cha maji, za mabomba yaliyo juu ya boila, na za mwisho wa bomba kuu. Kazi kubwa ipange mwezi Mei au Juni, mafundi wazuri wanapokuwa na nafasi, lakini andikeni katika mkataba kwamba sehemu ya malipo itabaki mkononi mwako mpaka arudi katika wiki za kwanza za baridi, awashe moto mbele yako, aengue boila mara ya pili, na kila rejeta ipate moto.